Stoo ya Bi Kulsum

Wifi yangu Sakina alikuja kutoka Vancouver kwa ajili ya arobaini ya kaka yake, Murtaza, ambaye alikuwa mume wangu, akakaa nami siku tisa. Alikuta nyumba yetu ya Brampton imeshaanza kuwa tupu. Mwezi ujao ninahamia makao ya wazee, chumba kimoja cha kulala na sebule ndogo, kwa sababu magoti yangu hayazitaki tena ngazi, na kwa sababu nyumba ya vyumba vinne inamchosha mtu mmoja. Binti yangu Nasra huja kila Jumamosi, hupiga picha kabati na viti kwa simu yake, huviweka mtandaoni, na kabla ya adhuhuri watu tusiowajua wamefika na magari yao kuvibeba. Asubuhi moja Sakina alikuwa amekaa jikoni akinitazama ninavyofunga vikombe kwa magazeti. Akasema, "Kazi hii si ngeni kwako, Rehema. Ulimfanyia Mama vizuri sana wakati ule. Mimi nilikuwa mbali, sikusaidia kitu, lakini Mama mwenyewe aliniambia kwamba kila kitu ulikifanya kama alivyotaka yeye." Niliendelea kukizungushia gazeti kikombe kile kile mpaka kikawa kama kichwa cha kabichi. Kisha nikasema nakwenda msalani, nikajifungia, nikakaa kwenye ukingo wa bafu. Mama yao, Bi Kulsum, alikufa miaka mingi iliyopita. Alichomwambia Sakina hakikuwa kweli, na tuliojua kwamba si kweli tulikuwa watatu. Sasa nimebaki mimi peke yangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minane na ndoa yangu ilikuwa na miezi mitano. Jinsi nilivyofika Toronto, na jinsi mimi mtoto wa Muheza nilivyoolewa na Mhindi wa Tanga mjini, ni habari ndefu na haina nafasi hapa. Tulikaa Downsview, ghorofa ya tatu isiyo na lifti, chumba kimoja na jiko ambalo watu wawili hawakuweza kupishana. Dirisha letu lilitazama nyuma ya bohari, na siku nzima malori yalikuwa yakirudi kinyumenyume na mlio wake ule ule. Murtaza alikuwa fundi wa mitambo kiwanda cha maboksi. Mimi nilipakia biskuti katika kiwanda kingine. Mama yake alikaa Lawrence Heights, katika nyumba ya kupanga yenye ngazi ndani, peke yake tangu mumewe afariki. Siku ya kwanza Murtaza aliponipeleka kwake, aliandaa chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Kwenye sinia kulikuwa na vikombe viwili vya kaure vyenye maua ya waridi, na kikombe kimoja cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Cha bati akakiweka mbele yangu. Nikanywa, na Murtaza akanywa katika kikombe chake cha waridi. Kwa watu wa rika langu waliokulia kwetu hakuna haja ya kueleza kikombe cha bati katika nyumba ya Mhindi kilikuwa cha nani. Mpaka leo sijui kama alikusudia, au kama mkono wake ulikwenda wenyewe kabatini, kama kwa mtumishi, aliposikia Kiswahili. Kwa maana Kiswahili ndicho tulichokuwa nacho pamoja, yeye na mimi. Kikachi, lugha yao ya nyumbani, sikukijua, na Kiingereza chake kilimtosha dukani tu. Lakini Kiswahili alichonipa mimi kilikuwa cha kuamuru: lete, weka, funga, siyo hapo.

Mwezi wa tisa aliteleza kwenye zile ngazi akavunjika mkono na kuumia nyonga. Daktari akasema hawezi tena kuishi mahali penye ngazi, wala kuishi peke yake. Kwetu kulikuwa na ngazi za ghorofa tatu. Murtaza akahangaika mpaka akapata nafasi katika makao ya wazee upande wa North York, ila ilitakiwa tuichukue ndani ya wiki tatu, la sivyo ingekwenda kwa mwingine. Wakatuma barua yenye orodha ya vitu ambavyo mkazi anaruhusiwa kuja navyo: kabati moja, kiti kimoja cha kukalia, televisheni, nguo, picha za ukutani, na vitu vichache vya kumbukumbu. Bi Kulsum alimtaka Murtaza aisome mara mbili. Alikuwa amekaa sebuleni, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, na pachedi yake, ule mtandio mrefu wa wanawake wa kwao, umemwanguka begani. "Vichache ni vingapi?" akauliza. Murtaza akaikunja barua akairudisha kwenye bahasha.

Kazi ikawa yangu. Nilibadilishiwa zamu, nikawa natoka kiwandani saa nane mchana, napanda basi kwenda Lawrence Heights, na mpaka magharibi nilikuwa nainua kitu kimoja kimoja mbele ya kiti chake. Tulikubaliana kuwe na mafungu matatu: vya kwenda naye chumbani, vya kuwekwa stoo, na vya kutoa. Neno stoo alilianzisha yeye. Alidhani mwanawe atakodi mahali pa kuweka vitu, kama wengine walivyofanya, na sisi hatukumkatalia. "Hiki?" "Stoo." "Na hiki, Mama?" "Stoo." Kulikuwa na sufuria nne za kupikia biriani ya msiba au ya harusi, moja ningeweza kuketi ndani yake. Kulikuwa na masinia sita ya shaba, mbuzi ya kukunia nazi ambayo ulimi wake umeota kutu, makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa vifungo, mapande ya vitambaa vya nguo ambazo hazikushonwa, na cherehani nyeusi ya mkono yenye maua ya dhahabu ubavuni. Kulikuwa na boksi la barua lililofungwa kwa utepe, barua za dada yake aliyekufa, zote kwa Kigujarati. Mwisho wa wiki ya kwanza fungu la chumbani lilienea juu ya kiti kimoja. Fungu la kutoa lilikuwa miavuli miwili iliyovunjika. Fungu la stoo lilitoka ukuta mmoja mpaka ukuta wa pili. Nikamwambia, kwa upole nilioweza, kwamba labda tungepunguza kidogo. Akanitazama kama mtu anayetazama redio iliyoanza kusema bila kuwashwa. "Tanga nilitoka na masanduku mawili," akasema. "Mawili tu, nyumba nzima nikaiacha na chai iko mezani. Safari hii sitoki na masanduku mawili."

Siku hiyo Murtaza alikuja kunichukua. Aliniita jikoni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akasema kwa sauti ya chini, "Stoo yenyewe iko wapi, Rehema? Siwezi kukodi chumba cha watu kwa ajili ya sufuria."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia akishazoea. Sasa hivi nikimwambia hatahama, na nafasi itapotea. Wewe mwambie ziko stoo. Wewe anakusikiliza."

"Mimi? Lini umemwona ananisikiliza?"

"Hagombani nawe. Inatosha," akasema, akafunga bomba.

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Nimeitafuta mara nyingi dakika ile jikoni, nikijaribu kuona kama kuna mtu aliyekuwa amenishika koo, na sijamwona. Bi Kulsum alihamia makao Alhamisi. Jumamosi likaja lori la shirika la misaada, vijana wawili wakabeba vinavyofaa: sufuria, masinia, cherehani, mazulia, viti. Vilivyobaki vilikuwa juu yangu, kwa kuwa Murtaza aliitwa kazini mchana ule. Nilipeleka mifuko kwenye pipa kubwa la chuma nyuma ya nyumba, mara kumi na moja, mara kumi na mbili. Na ninaandika hili kwa sababu bila hilo habari hii ingekuwa ya uongo pia: nilifurahi. Kikombe cha bati nilikirusha cha kwanza na nikakisikia kikigonga chini ya pipa. Makopo ya vifungo niliyamimina kwa makusudi, yakalia kama mvua ya mawe. Boksi la barua nililishikilia kidogo mkononi. Herufi zile sikuzijua, Murtaza naye hakujua kusoma Kigujarati, na nilijiambia kwamba kitu kisichosomeka na mtu ni karatasi tu. Nikalitupa. Kisha nikafagia nyumba vizuri sana, nikaosha mikono, nikapanda basi nikarudi Downsview nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetoka kufanya kazi nzuri.

Jumapili nikaenda kumwona. Murtaza alikuwa amelala kwa uchovu, akasema atakwenda wiki ijayo, na kwa namna hiyo Jumapili zikawa zangu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, kina joto la kupita kiasi, kinanuka supu na dawa ya kusafishia sakafu, na dirisha lake lilitazama maegesho ya magari. Aliniagizia chai. Vikombe vya makao vyote vilikuwa vya namna moja, vizito, rangi ya maziwa. Tulipokuwa tumeketi akauliza, "Vitu vyangu viko wapi?"

"Stoo, Mama."

"Stoo ya wapi?"

Nilikuwa sijajiandaa. Nikaona dirisha letu la nyumbani akilini mwangu, nikasema, "Downsview. Karibu na kwetu. Jengo la matofali, lina milango ya chuma. Yetu ni namba arobaini na moja."

"Arobaini na moja," akarudia, kama mtu anayehifadhi aya. "Panavuja?"

"Hapavuji."

"Panya?"

"Hakuna panya, Mama. Kuna mlinzi."

"Cherehani umeifunika?"

"Nimeifunika shuka mbili."

Akashusha pumzi, akanywa chai yake. Nilitoka mle nikatembea mpaka kituo cha basi. Niliona jinsi uongo ulivyonijia kwa urahisi, na mlango na namba yake.

Kuanzia hapo kila Jumapili aliulizia kitu kimoja. Sijui kama alivipanga, lakini hakurudia. Jumapili moja sufuria kubwa: iko chini au juu ya nyingine? Iko chini, Mama, nimeweka gazeti katikati. Basi angeanza kunihadithia sufuria ile ilinunuliwa wapi, ilipikia harusi ya nani, mvua ilinyesha vipi siku ile mpaka wapishi wakashikilia turubai kwa mikono juu ya moto. Jumapili nyingine mazulia. Nyingine saa yake ya ukutani isiyokwenda. Kiswahili chake kilibadilika mbele yangu. Maneno ya kuamuru yalipungua, yakaja maneno ambayo sikujua anayo, ya Tanga kabisa, ya utani, ya kumsengenya marehemu mumewe kwa heshima. Alinichekesha. Nikaanza kumpikia mandazi ya nazi na kachori, nikaanza kuchagua gauni la kuvaa Jumapili. Theluji ilipoanguka na mabasi yakachelewa, nilisimama kituoni nikiogopa kwamba saa ya wageni itapita. Nilimpenda Bi Kulsum mwaka ule. Nilimpenda kupitia vitu nilivyovitupa, kimoja baada ya kingine, na kila alipomaliza kunipa habari ya kitu ndipo nilipojua hasa nilichokitupa.

Siku aliyoulizia mbuzi ya nazi alinisimulia juu ya Mwanaidi, mwanamke aliyefanya kazi nyumbani kwao miaka kumi na moja. Ndiye aliyemfundisha kukuna nazi bila kukata vidole, na kuku wa nazi ambaye familia yote ilimsifia Bi Kulsum alikuwa wa Mwanaidi tangu mwanzo. "Alikuwa anaimba akikuna," akasema. "Nilikuwa naacha kushona nimsikilize." Nikamwuliza Mwanaidi alikuwa anakula wapi. Swali lilinitoka kabla sijalipima. Bi Kulsum akatazama mikono yake, ule uliovunjika na ule mzima. "Jikoni," akasema. Kisha, akiikunja mapajani, "Chini. Jikoni, chini." Nilipoaga siku ile alinishika kiganja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanitaka nifunge vifungo vya koti mpaka juu.

Wakati huo nilikuwa nimeshika mimba ya Nasra. Ramadhani iliangukia mwanzo wa majira ya kuchipua, barafu ikiwa inayeyuka kwenye maegesho, na akina mama wa msikiti wao walikuwa wakipeleka futari kwa wazee wao katika makao mbalimbali. Jumapili moja nilimkuta amekaa kimya. Alinijibu salamu, akanitaka niketi, akatazama dirishani karibu saa nzima. Nikadhani saumu imemchosha. Nilipoinuka kuondoka ndipo akauliza, "Masinia yangu mangapi yako stoo?"

"Sita, Mama."

"Sita," akasema. "Vizuri."

Mwezi wa tano akaniambia anataka cherehani yake. Mkono umepona, mtoto anakuja, na hawezi kukaa akiangalia magari wakati mjukuu wake atavaa nguo za dukani. Alikuwa ameshazungumza na msimamizi, akaruhusiwa. "Mlete Jumapili ijayo," akasema, kana kwamba cherehani ni mtu. Nilimwambia Murtaza. Akasema, "Mwambie imeharibika." Nikamwambia aende akamwambie mwenyewe. Hakwenda. Wiki mbili nilimpa Bi Kulsum visingizio, mlinzi yuko likizo, ufunguo umekatika. Jumamosi nilizunguka maduka ya mitumba, tumbo mbele, nikiuliza kwa ishara ya mkono unaozungusha gurudumu. Katika duka la tano, chini ya meza yenye vyungu vya maua, niliiona cherehani nyeusi ya mkono, maua yake ya dhahabu yamefutika upande mmoja. Haikuwa yake. Yake niliikumbuka ikipandishwa kwenye lori. Lakini ilikuwa ya umbo lile, na nilipoifuta kwa mafuta iling'aa. Murtaza akaibeba mpaka chumbani kwa mama yake, imefunikwa shuka mbili.

Bi Kulsum akaondoa shuka. Aliweka kiganja juu ya cherehani akakiacha hapo. Akazungusha gurudumu taratibu, akapapasa chini ya kibao, akainamisha kichwa kusikiliza. "Nzito kuliko nilivyokumbuka," akasema. Kisha akaomba uzi. Alishona mwezi mzima: vijigauni vinne, kofia mbili, na shuka ndogo yenye upindo. Nilijiona nimeokoka. Nilifika mahali pa kuamini kwamba labda imekuwa yake kweli.

Mwezi wa saba Sakina akaja kutoka Vancouver, mara yake ya kwanza tangu mama yake ahamie. Tulikuwa wanne katika kile chumba kidogo, Sakina ukingoni mwa kitanda, Murtaza dirishani, mimi nikipakua tambi za sukari. Sakina alikuwa amehamia nyumba mpya na alitaka vitu vya nyumbani. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Rehema, nataka masinia mawili ya Mama na boksi la barua za mama mkubwa. Twende stoo leo mchana, kesho naondoka."

Murtaza alitazama magari. Ninaukumbuka mgongo wake. Nilifungua kinywa, na sijui ningesema nini, maana Bi Kulsum alitangulia. Kwa kawaida alizungumza na wanawe kwa Kikachi, lakini alisema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikose neno. "Hakuna stoo. Nilimwambia avitoe."

"Vyote?"

"Vyote. Vitu vya nini mimi?"

"Mama! Hata hukuniuliza!"

"Nakwambia sasa."

"Na barua?"

Hapo akasita. Akanitazama moja kwa moja, na usoni kwake niliona swali ambalo hakuwa ameniuliza Jumapili hata moja. Nikainamisha kichwa. "Na barua," akasema. "Kila kitu alikifanya kama nilivyotaka."

Sakina alilia kidogo, akanuna, kisha wakatoka yeye na Murtaza kwenda kununua matunda. Nilibaki kwenye sinki nikiosha sahani zilizokuwa zimeshaoshwa. Nikamwuliza bila kugeuka, "Umejua tangu lini, Mama?"

"Ramadhani. Walileta futari kwenye sinia. Nikaligeuza kulisuuza, jina langu liko chini." Masinia yake yote yalichongwa jina, kama watu wa kwetu wanavyofanya ili yarudi yakiazimwa. Mwanamke mmoja wa msikitini alilinunua kwenye duka la lile shirika la misaada, hakujua la nani.

"Na cherehani?"

"Nilitaka nione utaleta nini."

Nikageuka. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, hana hasira ya kuonekana. "Kwa nini hukusema? Kwa nini uliendelea kuniuliza, kila Jumapili, kama kwamba vipo?"

"Ningesema," akajibu, "ungekuja kuzungumza nini na mimi?"

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Barua kweli ulizitoa?"

"Nilizitupa, Mama. Sikujua kuzisoma."

"Ungeniuliza mimi," akasema. "Mimi najua kusoma."

Nikapiga magoti kwa shida, tumbo likiwa kubwa, nikamwomba anisamehe. Aliniinua kwa mkono wake uliopona. Akasema, "Sakina nimemjibu kwa sababu una mtoto tumboni, na kwa sababu Murtaza amekutanguliza wewe. Hilo nimelimaliza. Hilo jingine, la barua, bado." Akachukua kijigauni kilichokuwa kwenye cherehani, akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye mfuko wangu.

Bi Kulsum aliishi miaka mingine mitano katika chumba kile. Alimlea Nasra juu ya magoti yake kila Jumapili, na hakulitaja tena jambo lile, si kwa ubaya wala kwa wema, kwa hiyo sijui kama lile jingine aliliondoa moyoni au alikwenda nalo. Murtaza naye hakulitaja. Tuliishi ndoa nzuri, ya kucheka na kugombania madirisha, na mpaka alipolazwa mara ya mwisho nilikuwa nangojea aseme, "Rehema, ile stoo ilikuwa yangu." Alikufa bila kusema. Sakina ameondoka juzi. Nilimsindikiza uwanja wa ndege na maneno yakiwa mdomoni, nikarudi nayo nyumbani, na nimeshindwa kuamua kama kunyamaza kwangu ni kuheshimu neno la mama yake au ni woga ule ule. Nasra nimemwambia jambo moja tu: chochote atakachotupa, akitupe mbele ya macho yangu. Alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyotujibu watoto wote wa huku, kwamba ndiyo, mama, sawa, na akaendelea kupiga picha.

Lakini Jumapili iliyofuata baada ya maneno yale ya Bi Kulsum, katika joto la ule mwezi wa saba, nusura nisiende. Sikuona kwa nini anihitaji tena. Hapakuwa na stoo ya kuulizia, na bila stoo tulikuwa wanawake wawili waliounganishwa na mwanamume ambaye hakuwapo. Nilikwenda kwa sababu miguu ilikuwa imezoea. Nilimwamkia, akaitikia. Chai ikaja. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kabati, inageuka kwake, inageuka kwangu. Tulikunywa mpaka vikombe vikapungua nusu, na nilikuwa ninafikiria namna ya kuaga bila kuonekana ninakimbia. Ndipo akasema, "Kwenu Muheza."

"Naam, Mama?"

"Nyumbani kwenu. Ukiingia mlangoni, kitu cha kwanza ni nini?"

Mwaka mzima alikuwa hajaniuliza habari ya kwetu, hata jina la mama yangu. Nikaweka kikombe chini. Ilinibidi nifumbe macho ili niingie.

"Mtungi," nikasema. "Upande wa kulia. Wa udongo, una kifuniko cha ukili."

"Nani alikisuka?"

"Mama."

"Haya," akasema Bi Kulsum, akasogeza kiti chake karibu na changu. "Na cha pili?"